Chuo Kilichoanza na Sheria

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita na siku chache kabla bendera ya Mwingereza haijashushwa Tanganyika, chuo kikuu cha kwanza cha nchi hiyo kilifunguliwa katika jengo la chama cha TANU lililopo Mtaa wa Lumumba, jirani na Mnazi Mmoja. Hakikuwa na maabara, hospitali ya kufundishia wala karakana ya wahandisi. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wake hawakufika kumi na watano. Walikuwa wameandikishwa kusomea shahada ya Chuo Kikuu cha London, kwa sababu chuo chenyewe kilikuwa bado tawi changa lililotegemea shina la ng'ambo.

Kwa nini sheria? Nchi ilikuwa na uhaba wa madaktari, wahandisi na hata walimu wa sekondari. Jibu moja ni la mhasibu: kitivo cha sheria huanzishwa kwa bei nafuu, kwani kikishapata walimu, vitabu na chumba chenye meza, masomo yanaendelea. Lakini lilikuwapo jibu jingine, na watu wa TANU walilijua bila kufundishwa.

Mwaka 1958 Julius Nyerere alishtakiwa mahakamani Dar es Salaam kwa kuwakashifu ma-DC wawili katika gazeti la Sauti ya TANU. Wakili kiongozi aliyemtetea, D. N. Pritt, alisafiri kutoka Uingereza. Waliomsaidia walikuwa mawakili wa mjini wenye asili ya Asia, K. L. Jhaveri na M. N. Rattansey. Nyerere alitiwa hatiani, akatakiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita, akalipa. Kiongozi wa chama cha Waafrika alikuwa kizimbani, na katika wote waliosimama kumtetea hapakuwa na Mwafrika.

Hali hiyo haikutokea kwa bahati mbaya. Makerere ilikuwa ikifundisha utabibu, kilimo na ualimu tangu zamani, lakini sheria haikufundishwa. Serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilikwisha kuona kilichotokea kwingine: Gandhi, Nehru na Jinnah wote walikuwa mawakili, na huko Ghana J. B. Danquah alikuwa wakili vilevile. Bwana shamba wa Kiafrika alionekana mtu wa manufaa. Wakili wa Kiafrika alionekana mwanzo wa kelele. Mkenya C. M. G. Argwings-Kodhek alikwenda Uingereza kwa ufadhili wa kusomea mambo mengine, akageukia sheria, na aliporudi nyumbani akawa mtetezi wa watuhumiwa wa Mau Mau. Waliokuwa na hofu walipata ushahidi wao.

Aliyetaka uwakili alipaswa kwenda London na kujiunga na kimojawapo cha vyama vinne vya kale vya mawakili: Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple au Middle Temple. Huko, zaidi ya kufanya mitihani, mwanafunzi alitakiwa kuhudhuria chakula cha jioni ukumbini kwa idadi iliyowekwa kila muhula. Bila chakula hicho hakuna uwakili, hata kama umefaulu kila karatasi. Naona haja ya kulisema hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mila na desturi ni mambo ya Waafrika peke yao.

Kijana huyo akishakula na kufaulu alirudi Nairobi au Kampala na ujuzi wa nusu ya kazi. Uingereza ina mawakili wa aina mbili: wanaosimama mahakamani, na wanaokaa ofisini wakiandika mikataba, wosia na hati za ardhi. Afrika Mashariki wakili mmoja hufanya yote mawili. Tena sheria aliyokuja nayo ilikuwa ya ardhi ya Kiingereza, ndoa ya Kiingereza na mirathi ya Kiingereza.

Aliyelisema tatizo hili kwa sauti kubwa zaidi alikuwa jaji wa Kiingereza, na aliyemfikisha huko ni daraja la Mombasa. Kampuni ya Nyali Ltd ilikuwa na haki ya kutoza ushuru kwa waliovuka daraja la Nyali. Ukazuka ubishi kama magari ya jeshi la Uingereza nayo yalipaswa kulipa, na shauri likapanda hadi Mahakama ya Rufani ya London. Humo Jaji Denning aliifananisha sheria ya Kiingereza na mti wa mwaloni: huwezi kuung'oa kwao ukaupanda Afrika ukategemea ubaki na ugumu uleule, utaota, lakini utahitaji kutunzwa kwa namna ya huku. Hayo yalikuwa katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 1960 Denning huyohuyo akapewa uenyekiti wa kamati ya kuchunguza elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika, na ripoti yake ikatoka 1961. Kamati ilikiri kwamba mawakili Waafrika katika upande huu wa bara walikuwa wachache mno, na kwamba mafunzo ya London yalimwandaa mtu kwa kazi za London. Dar es Salaam ikapewa jukumu la kufundisha sheria kwa nchi zote tatu, Tanganyika, Kenya na Uganda.

Mkuu wa kwanza wa kitivo alikuwa Profesa A. B. Weston, na mkuu wa chuo Mkanada Cranford Pratt. Miongoni mwa walimu wa mwanzo alikuwamo kijana William Twining, aliyekuwa ametoka kufundisha Khartoum. Alizaliwa Kampala, na baba yake, Sir Edward Twining, alikuwa Gavana wa Tanganyika kuanzia 1949 hadi 1958. Sasa mtoto wa Gavana alikuwa akiwafundisha sheria vijana wa nchi ileile ndani ya jengo la chama ambacho baba yake alijitahidi kukizuia. Historia ina utani wake. Mwingine alikuwa Patrick McAuslan, ambaye hakuwa amefundisha popote kwa muda mrefu na pengine ndiyo sababu hakuwa na mazoea mengi ya kuacha.

Kazi iliyowakabili ilikuwa nzito kuliko inavyoonekana. Mwanafunzi wa London hujifunza sheria moja. Mwanafunzi wa Mtaa wa Lumumba alikuta tabaka juu ya tabaka. Chini kabisa zilikuwapo sheria za kimila, makabila zaidi ya mia moja na kila moja na taratibu zake za mahari, urithi na mashamba. Pwani na Visiwani kulikuwa na sheria ya Kiislamu na makadhi. Juu yake Waingereza walileta sheria walizozitunga kwa ajili ya India: Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872 iliendelea kutumika Tanganyika mpaka 1967. Kisha kulikuwa na amri ya 1920 iliyoingiza sheria ya kawaida ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai mwaka huo. Hivyo hakimu wa Tabora au Bukoba alitakiwa, akikwama, kuuliza sheria ya Uingereza ilisemaje siku hiyo.

Vitabu vilivyokuwapo vilihusu tabaka hilo la juu peke yake. Mwanafunzi alisoma kesi ya Donoghue, mama aliyekunywa soda ya tangawizi mjini Paisley, Scotland, kutoka kwenye chupa iliyodaiwa kuwa na konokono aliyeoza. Hukumu ya 1932 ikaweka wajibu wa mtengenezaji kwa mlaji asiyemjua. Kesi hiyo inafundishwa Dar es Salaam hadi leo, na ni haki, kwa sababu konokono angeweza kuingia chupa yoyote. Matatizo yalikuwa kwenye kesi za hapa nyumbani, ambazo hazikuwa kwenye kitabu chochote cha kununua.

Chukua ile ya Amkeyo, Kenya, 1917. Mtu alishtakiwa, na shahidi dhidi yake alikuwa mke aliyemuoa kimila. Sheria ilimlinda mke asilazimishwe kumshuhudilia mumewe vibaya. Jaji Mkuu Hamilton akasema kinga hiyo haimhusu mwanamke huyo, kwani ndoa ya kimila ni ununuzi wa mke, si ndoa. Au ile ya Gwao bin Kilimo, Tanganyika, 1938, iliyohusu mila ya Waturu ya kuchukua mali ya baba kulipia kosa la mwanawe. Jaji Wilson aliikataa mila hiyo kwamba inapingana na haki, na akaeleza kuwa kipimo cha haki hapo ni fikra za Waingereza. Ukimpa kijana wa miaka 20 kutoka Singida hukumu hiyo aisome, humfundishi kanuni tu. Anauliza: nani alimpa jaji kipimo hicho? Ukoo wa Kituru ulikuwa na maana gani kwa mtu anayemdai mtoto asiye na ng'ombe wake mwenyewe? Na je, baba aliyechukuliwa mali alikuwa sahihi kulalamika? Hapo semina inanoga, kwa sababu wengine watasimama na jaji.

Hiyo ndiyo ikawa rangi ya shahada ya Dar es Salaam: sheria isomwe pamoja na nchi inakoangukia. Walimu walikusanya hukumu na amri za serikali wenyewe. Baadaye kitivo kikawa kinatayarisha muhtasari wa hukumu za Mahakama Kuu, ambao mawakili wa Tanzania wanaunukuu mpaka leo, na mwaka 1968 kikaanzisha jarida lake, Eastern Africa Law Review. Wakati huohuo serikali ilikuwa ikijaribu kuzikusanya mila zenyewe ziwe kitu kimoja. Amri ya 1963, Tangazo la Serikali namba 279, iliandika sheria za kimila za makabila ya ukoo wa baba kama vile zilikuwa vifungu vya sheria ya bunge. Nadhani hapakuwa na mahali pazuri zaidi duniani pa kusomea sheria katika miaka hiyo, kwa maana nchi ilikuwa ikizitunga sheria zake huku wanafunzi wakitazama.

Mwaka 1963 chuo kiliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na shahada ya London ikaanza kuachwa. Mwaka huo aliingia Julie Manning, mwanamke pekee kitivoni wakati huo, ambaye mwaka 1975 aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria. Akaja pia mwalimu Mkenya aliyesoma Oxford, Yash Ghai, mwenye umri wa miaka 25, ambaye angefikia uprofesa na ukuu wa kitivo. Yeye na McAuslan waliandika kitabu kikubwa cha sheria ya umma na siasa za Kenya, kilichotoka 1970. Mwaka 1964 chuo kikahamia kilimani nje ya mji, na tangu hapo watu husema Mlimani tu, inatosha.

Mlimani palikuwa pazuri, na uzuri huo ukaleta fitina. Wakulima walilipa kodi ili vijana wachache walale mabwenini, wale vizuri na wafuliwe nguo. Serikali ilipoamua kwamba wahitimu wote wajiunge na Jeshi la Kujenga Taifa na kisha wafanye kazi miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara, wanafunzi waligoma. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho, na mabango mengine yalisema afadhali ukoloni. Nyerere alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 papo hapo, kisha akawafukuza, watu wapatao 400. Kati yao alikuwamo mwanafunzi wa sheria aitwaye Samuel Sitta. Wengi walirudishwa baadaye, naye akiwamo. Mwenzake Joseph Warioba alikuwa ameshahitimu mwaka huohuo na kuondoka. Jina la kila mmoja wao litarudi.

Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na mwezi Machi ukafanyika mkutano Mlimani wa kuuliza chuo kikuu katika nchi ya ujamaa kina kazi gani. Swali likakiangukia kitivo cha sheria kwa uzito wa pekee. Sheria ndiyo inayolinda mali. Ujamaa unataka mali ihame mikono. Sasa mwanasheria afundishwe nini? Wanafunzi wa mrengo wa kushoto, waliojikusanya katika chama cha USARF na kusoma pamoja na akina Walter Rodney, mwanahistoria, waliona majibu ya walimu ni ya upole mno. Mwaka 1969 walizuia shughuli za kitivo wakidai mitaala na walimu wa kigeni waangaliwe upya. Mmoja wa wanafunzi wa sheria wa wakati huo, Issa Shivji kutoka Kilosa, alimaliza shahada yake 1970, na mwaka huohuo jarida la wanafunzi, Cheche, likachapa makala yake ndefu iliyouliza nani hasa anafaidika na benki na viwanda vilivyotaifishwa. Serikali ikalifungia jarida. Shivji akabaki kuwa mwalimu wa hapohapo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Ukweli ni kwamba pande zote mbili za ugomvi huo zilikuwa zikilima shamba moja. Aliyesema sheria isomwe pamoja na jamii na aliyesema isomwe kama silaha ya tabaka linalotawala wote walikuwa wamekataa kuisoma kama orodha ya vifungu. Twining na McAuslan waliondoka na wazo hilo wakalipeleka Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Warwick kilichoanza kufundisha sheria 1968. Mfululizo wa vitabu aliouanzisha Twining mwaka 1970 kuhusu sheria na mazingira yake bado unatoka. Safari hii mche uliotoka Afrika ndio uliopandwa kwao mwaloni.

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa katikati ya 1970. Nairobi ikafungua kitivo chake mwaka huo, Makerere ilikuwa imeshaanza 1968. Wahitimu wa Dar es Salaam walitawanyika kwenda nchi zilizokuwa zikiachana njia. Uganda ya Idi Amin ilimteka Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka ndani ya jengo la Mahakama Kuu, Septemba 1972, na hakuonekana tena. Willy Mutunga, aliyepata shahada yake Dar es Salaam 1971, alifundisha Nairobi mpaka alipowekwa kizuizini mwaka 1982. Tanzania yenyewe haikuwa na sura ya haki za raia katika katiba yake mpaka 1984, na haki hizo hazikuanza kudaiwa mahakamani hadi Machi 1988. Miaka miwili tu baadaye, Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliamua kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi. Mila ilimkataza kwa kuwa ni mwanamke; Jaji akasema mila hiyo imekufa mbele ya katiba. Mwanafunzi anayesoma hukumu hiyo baada ya ile ya Gwao bin Kilimo anaona mila imepimwa mara mbili kwa kipimo tofauti, na ana haki ya kuuliza kama matokeo yamemfikia mama wa Muleba, huko Uhayani.

Siku hizi sheria inafundishwa katika vyuo vikuu vingi nchini, na Mlimani shahada ni ya miaka minne. Shahada peke yake haimfanyi mtu wakili. Tangu 2008 mhitimu hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, na matokeo yake ya Oktoba 2022 yaliitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waziri akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Kila upande ukamnyooshea mwenzake kidole, taasisi ikivilaumu vyuo kwa kuwaleta vijana wasioweza kuandika hoja, na vijana wakiulaumu mtihani.

Kuna jambo moja ambalo katika kelele zile lilisemwa kwa sauti ndogo kuliko linavyostahili. Mahakama za mwanzo zinaendesha kesi kwa Kiswahili tangu uhuru uwe mchanga, na mwaka 2021 Bunge liliamua Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama zote. Shahada bado inafundishwa kwa Kiingereza. Kijana anasoma miaka minne kwa lugha moja ili akamtetee mtu kwa nyingine. Walimu wa 1961 walikuwa na sababu: hukumu zote zilikuwa kwa Kiingereza na darasa lilikuwa na Waganda na Wakenya. Sababu hiyo ya pili haipo tena, na ya kwanza inapungua kila mwaka. Kulitengeneza hili si kazi ya mwaka mmoja, lakini haitaanza mpaka chuo chenyewe kiamue.

Kipimo cha kitivo kile, hata hivyo, si mtihani. Uganda ilipotaka katiba mpya baada ya vita, tume yake kuanzia 1989 iliongozwa na Jaji Benjamin Odoki, mhitimu wa Dar es Salaam. Kenya ilipotaka yake, tume kuanzia 2000 iliongozwa na Yash Ghai, mwalimu wa Dar es Salaam. Na katiba ilipopatikana mwaka 2010, Jaji Mkuu wa kwanza kuteuliwa chini yake alikuwa Mutunga. Tanzania ilipotaka yake mwaka 2012, tume ilipewa Joseph Warioba. Katiba ya Uganda ilipita 1995. Ya Kenya ilipita kwa kura ya wananchi. Rasimu ya Warioba, iliyotaka serikali tatu, ilifika mwaka 2014 katika Bunge Maalum lililoongozwa na Samuel Sitta, yule aliyefukuzwa Mlimani mwaka 1966, na ikatoka humo na serikali mbili. Kura ya maoni ilipangwa kupigwa tarehe 30 Aprili 2015. Iliahirishwa, na haijapigwa.